Taa nyekundu kwa mdomo wa mtoto aliye kwenye mionzi: ipi ni wax, ipi ni ya kuiga?

mama_katindo (Goma), Jumanne, saa 3 usiku

Jambo wandugu. Naandika nikiwa barazani kwa nyumba ya wageni, mtoto amelala, chaji ya simu imebaki kidogo. Mnisamehe maneno yakirukaruka.

Mimi ni wa Goma, Katindo, nauza vitenge soko la Virunga. Kijana wangu ana miaka 12. Mwaka jana aliota uvimbe shingoni. Tukautibu kama tezi, tukautibu kama jino, tukauombea pia, mpaka pua ikaanza kutoa damu na sikio moja likaziba. Wakakata kipande cha nyama, wakakipima: saratani ya nyuma ya pua. Alianza na dawa za mshipa, uvimbe ukanywea vizuri, na sasa tumevuka mpaka kwa ajili ya mionzi. Hospitali siitaji, wametupokea vizuri, sina neno nao. Wamempangia mara 33, siku tano kwa juma. Siku ya posho na Jumapili anapumzika. Leo ilikuwa mara ya tisa.

Kilichonileta hapa ni mdomo. Tangu juzi anasema chai ina ladha ya msumari. Nikimfunua mdomo wa chini naona ndani pamekuwa pekundu kama pera lililopasuka. Mkate hautafuni, anauweka shavuni anangoja uyeyuke wenyewe. Jana usiku natandika kitanda, nikakuta mandazi mawili chini ya mto. Aliyaficha ili niamini amekula. Nilikaa nayo mkononi nikashindwa hata kumgombeza.

Daktari alituambia mapema kwamba kuanzia juma la pili, la tatu, mdomo utasumbua. Sasa mama mmoja tunayekaa naye hapa akanionyesha video ya WhatsApp: mtoto amevaa miwani myeusi, mwuguzi anamwingizia mdomoni kijiti chenye mwanga mwekundu. Eti mwanga huo unazuia vidonda vya mionzi. Nikamrushia shemeji yangu. Shemeji ni mtu wa haraka: kesho yake alikuwa Birere, kanunua taa nyekundu dola 45, kaituma na dereva. Muuzaji alimwapia kwamba ndiyo ile ile ya hospitali za India. Ni balbu kubwa kama papai changa, kioo chekundu, imeandikwa 250W. Nikaijaribu kwanza kwenye mkono wangu mwenyewe. Dakika nne, ngozi ikawa kama nimeegemea mbabula. Nikaizima.

Si kwamba siamini mwanga. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na manjano, wakamlaza siku tatu chini ya taa ya bluu, tukarudi naye nyumbani macho meupe. Ila miaka kumi na tano ya vitenge imenifundisha kitu: wax yenyewe, kile kitenge halisi, na ya kuiga zikitundikwa kwenye kamba zinafanana. Tofauti unaijua ukishafua. Mimi mdomo wa mtoto siwezi kuufua kwanza nione.

Naomba anayejua. Kitu hiki kipo kweli? Nimechelewa? Na hii ya shemeji niifanye nini?


fundi_birere (Goma), Jumanne, saa 3 na robo

Mama, balbu hiyo usimkaribishie mtoto. Nimecheka kidogo, unisamehe, si kwa ajili ya ugonjwa. Hiyo ni taa ya vifaranga! Ndiyo wanayoning'iniza juu ya vifaranga wa siku moja ili wasife na baridi. Nimezifunga nyingi kule Mugunga na njia ya Sake.

Mimi si mganga, natengeneza televisheni na chaja, lakini umeme naujua. Wati 250 za balbu hiyo karibu zote zinatoka kama joto. Wekundu unaouona ni wa kioo. Nimefungua kurasa za vifaa vya hospitali niangalie namba zao: leza ya mdomoni mara nyingi ni kama milliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati. Balbu ya shemeji inakula mara 2,500 ya hiyo. Na hicho kidogo ndicho dawa, kwa sababu ni rangi moja iliyopimwa, inapelekwa sehemu moja, kwa sekunde zilizohesabiwa. Balbu inamwaga kila kitu kila mahali.

Kabla shemeji hajarudi sokoni: asinunue zile kalamu za leza za kuchezea. Zingine kibandiko kinasema nguvu ndogo, ukizipima ni nyingine kabisa, na jicho likiungua halirudi. Muuzaji simwiti mwizi, labda naye alisoma tu kwenye katoni.


kaka_mkubwa_ndosho (Goma), Jumanne, saa 4 usiku

Dada, haya mambo ya taa ni biashara ya wazungu. Mchanganyie limau na chumvi ya mawe asukutue asubuhi na jioni, na asali ya Masisi apake. Bibi yangu alitutibu hivyo na meno tunayo.


muuguzi_kadutu (Bukavu), Jumatano, saa 11 alfajiri

Natoka zamu ya usiku, naandika haraka kabla usingizi haujanichukua.

Kaka mkubwa, kwa heshima yote: limau HAPANA. Mdomo huo ni kama ngozi iliyobabuka, limau ni kumtesa mtoto. Hata dawa za kusukutua za dukani zenye pombe, hapana. Asali nawaachia wanaojua meno, haina ubaya wa limau.

Mama, nimesoma yako mara mbili. Mandazi chini ya mto, hilo nimeliona wodini kwa aina nyingi. Wengine wanampa jirani. Mmoja alikuwa anatia uji kwenye chupa ya mkojo. Usimgombeze kweli, ila mwambie wazi: ukishindwa kula niambie, nitabadilisha chakula, sitakasirika. Mtoto anayeficha anakuponyoka kilo mbili bila wewe kujua.

Tuangalie yuko wapi. Shirika la Afya Duniani lina ngazi, sifuri mpaka nne. Moja ni wekundu na maumivu bila kidonda. Mbili kuna vidonda lakini bado anakula chakula kigumu. Tatu ni vya majimaji tu. Nne hakuna kinachopita mdomoni kabisa. Kwa ulivyoeleza wako yuko ngazi ya moja. Hujachelewa, mama. Una siku kadhaa za kufanya kazi nzuri, zitumie.

Chemsha maji lita moja, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti, ile ya kuumulia keki. Asukutue kila baada ya kula na kila baada ya saa mbili tatu akiwa macho, ateme, asimeze. Yakilala, mwaga, tengeneza mengine. Mswaki laini kabisa wa mtoto mdogo, uloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ulainike. Usimwachishe kupiga mswaki kwa huruma, kosa hilo ndilo naliona zaidi ya yote: mama anaona fizi nyekundu, anaacha, siku tano baadaye mdomo umejaa uchafu na vidudu.

Chakula kiwe baridi au cha uvuguvugu. Viazi vya kupondwa na maziwa, avoka, mtindi, uji wa soya uliochujwa, yai la kuchemsha lililopondwa na mafuta kidogo. Wale samaki wadogo, sambaza wa kukaanga, waweke pembeni kwa sasa, miiba na ukavu wao vitamkwaruza. Pilipili usiseme.

Maumivu: omba dawa ya maumivu kwa daktari na umpe nusu saa kabla ya chakula, si baada ya yeye kulia. Ila sikiliza hapa vizuri. Kabla ya parasetamoli yoyote PIMA JOTO. Mtoto aliyepita kwenye dawa za mshipa anaweza kukosa askari wa mwili, na parasetamoli inaficha homa. Ikifika 38, usiku huo huo hospitali, hata kama ni saa 8, hata kama anacheka. Na ukiona utando mweupe unaobanduka, damu isiyokoma, au hajakojoa tangu asubuhi, usingoje siku ya mionzi.

Mambo ya taa, kuna daktari wa meno humu wa Lubumbashi. Nimemwita. Mimi nalala.


meno_lshi (Lubumbashi), Jumatano, saa 6 mchana

Jambo mama. Muuguzi akisema njoo unakuja tu. Mimi ni daktari wa meno, niko komini ya Kenya (Kenya yetu, si ile ya Nairobi).

Jibu fupi: kitu hiki kipo, ni wax yenyewe, na uliyonunuliwa ni ya kuiga. Jibu refu nitalianzia kwenye manjano ya mtoto wako wa pili, kwa sababu umeuliza swali zuri bila kujua.

Ile taa ya bluu ilianza kwa jicho la mwuguzi. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford huko Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto njiti nje wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyepauka manjano yake isipokuwa pale shuka lilipomfunika. Bluu inaibadilisha ile rangi ya manjano ndani ya ngozi, mtoto anaitoa kwa choo na mkojo.

Nyekundu kazi yake ni nyingine. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongo na kuwamulika kwa leza nyekundu hafifu. Alitaka kujua kama leza inaleta saratani. Saratani haikuja, kilichokuja ni manyoya, yakaota haraka kuliko kwa panya ambao hawakumulikwa. Leo tunajua mwanga wa rangi hiyo unapokelewa ndani ya chembe hai, kwenye yale majiko madogo ya kupikia nguvu tunayoyaita mitokondria. Chembe inapata nguvu ya kujitengeneza, uvimbe na maumivu vinapungua. Ngozi ya ndani ya mdomo inajibadilisha upya kila juma moja mbili, ndiyo maana mionzi inaiumiza mapema, na ndiyo maana msaada huu unafaa pale. Jina lake la kitabuni ni fotobiomodulesheni. Ukimwambia daktari "leza ya nguvu ndogo" atakuelewa.

Na kwa watoto si jambo la jana. NASA, wale wa angani, walikuwa na taa ndogo nyekundu za kuoteshea mimea ndani ya chombo. Timu ya Milwaukee, Marekani, ikazichukua ikawamulika watoto waliokuwa wanabadilishiwa uboho, mashavuni kwa nje, kuzuia vidonda hivi hivi. Waliandika habari hiyo mwaka 2002. Uingereza, taasisi yao ya kupima tiba, NICE, ilikubali tiba hii Mei 2018. Mwaka 2020 jopo la MASCC, wataalamu wa kimataifa wa kuwatunza wagonjwa wa saratani, likaipendekeza kwa wanaopata mionzi ya kichwa na shingo, na mwongozo wa watoto wa 2021 nao ukaitaja kwa watoto wa aina ya mwanao. Kwa hiyo ukienda kwa daktari huendi na video ya WhatsApp tu.

Sasa ipi ni wax. Fundi ameshasema la maana. Rangi ya mwanga tunaipima kwa nanomita: nyekundu inayotumika ni ya 630 mpaka 680 hivi, na ipo nyingine isiyoonekana kwa jicho, 780 mpaka 850. Kiasi cha mwanga kinachoingia tunakipima kwa juli. Chukua milliwati 100, gusa sehemu moja sekunde 20, umetoa juli 2. Unasogea sentimita moja, unagusa tena. Midomo kwa ndani, mashavu, pembeni mwa ulimi, chini ya ulimi, kaakaa laini. Kipimo kikipungua hakifanyi kitu, na kikizidi sana faida inapotea pia. Haiumi, haichomi. Ikichoma, ujue si hiyo.

Na ukienda kliniki ya meno angalia usiuziwe maneno. Ile taa ya bluu inayogandisha jino la kuziba siyo. Leza ya kukatia fizi siyo, hiyo ni kisu, mtu asiyejua kuishusha atamchoma mtoto.

Kitu kimoja sitaki kikupite: nuru hii haitibu saratani, na hatuielekezi pale ulipo uvimbe. Wa kwako uko nyuma ya pua, vidonda viko mbele mdomoni, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini ramani ya mionzi anayo daktari wa mionzi. Bila neno lake usikubali mtu yeyote amulike, hata mimi.

Asali: MASCC wanaitaja kama pendekezo dhaifu kwa mionzi ya shingo, kaka mkubwa hakukosea kabisa. Ila mionzi inakausha mate, na sukari kwenye mdomo mkavu inakula meno kama funza. Akipewa, asukutue baadaye.


kaka_mkubwa_ndosho (Goma), Jumatano, saa 7 mchana

Limau nimeiondoa. Asali nimebaki nayo.


papa_wa_ibanda (Bukavu), Jumatano, saa 2 usiku

Mzazi mwenzangu, pole. Nimeyapita. Binti yangu alikuwa na miaka 9, tulikuwa India, uvimbe wa misuli karibu na taya. Yeye alimulikwa tangu siku ya kwanza ya mionzi, kwa hiyo naweza kukueleza kwa macho yangu, elimu nawaachia waliotangulia.

Chumba ni kidogo, kuna kiti kama cha kinyozi. Kila aliyemo anavaa miwani, hata mimi niliyekaa pembeni. Ya kwake ilikuwa kubwa, wakaifunga kwa mpira wa nywele nyuma ya kichwa. Siku ya kwanza alikataa kufungua mdomo, akajua ni sindano. Yule dada akachukua kile kijiti, akakigusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, halafu kwenye changu, halafu kwenye cha mtoto. Akaona hakuna kitu. Akafungua.

Kijiti kikiwa ndani ya shavu, shavu lote linawaka kwa nje, jekundu, kama mkono ukiuziba mdomo wa tochi. Unaona hata vimishipa. Mashine inalia tiii, dada anasogeza. Baada ya siku mbili binti yangu akawa anahesabu kwa Kiswahili kwa sauti ya puani, moja mbili tatu, mpaka ishirini, na yule dada wa Kihindi akaishika: mwisho wa mwezi alikuwa anahesabu naye mpaka ishirini. Kama dakika kumi na mbili yote, halafu tunateremka kwenye mionzi.

Sitakudanganya. Juma la tano alipata vidonda viwili, kimoja pembeni mwa ulimi. Siku mbili alikunywa maziwa tu. Lakini mpira wa puani wa kulishia hakuwekewa, na tulirudi Bukavu akiwa amepungua kilo moja na nusu. Vidonda vikafunga kama siku kumi na nane baada ya mionzi kuisha. Ukavu wa mdomo ndio uliobaki, chupa ya maji anatembea nayo mpaka leo shuleni.


mama_katindo (Goma), Jumatano, saa 4 usiku

Aksanti sana wote. Nimesoma kwa sauti kwa mama wa chumba cha pili, yeye macho yake hayasomi simu vizuri.

Maji ya chumvi na bikaboneti nimeyaanza leo mchana. Amekunja uso mara mbili, ya tatu akazoea. Nimemwambia maneno ya muuguzi kuhusu kuficha chakula. Hakujibu, ila usiku ameniletea kipande cha mkate mkononi akasema "hiki kimenishinda". Nikampondea avoka, akala nusu.

Shida yangu moja. Mimi ni mwuza vitenge. Nitaingiaje kwa daktari wa mionzi na maneno ya leza na nanomita bila kuonekana najifanya? Foleni ni ndefu, dakika zake ni tano.


muuguzi_kadutu (Bukavu), Alhamisi, saa 12 asubuhi

Usiingie na nanomita. Ingia na mtoto. Sema hivi: "Daktari, leo ni mara ya kumi na moja. Mdomo umeanza kuwa mwekundu, anakula nusu ya kawaida, uzito wake tangu tuanze umeshuka kiasi fulani. Nimesikia kuna leza ya nguvu ndogo ya kuzuia vidonda. Kwake inafaa? Na kama inafaa, naipata wapi?" Basi. Halafu nyamaza. Mama zetu wana tabia ya kuuliza na kujijibu wenyewe, daktari anaitikia kwa kichwa, mnatoka mikono mitupu.

Uzito andika kwenye karatasi. Daktari akiona namba iliyoandikwa na mama anakaa vizuri kwenye kiti.


mama_katindo (Goma), Jumapili, juma mbili baadaye

Wandugu, nimerudi. Nilinyamaza kwa sababu ya intaneti na kwa sababu ya uchovu, si kwa dharau.

Niliingia na karatasi. Kilo 31 na gramu 400 tulipoanza, 30 na 600 siku ile. Nikasema maneno ya muuguzi neno kwa neno, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kuliko yote, nilibana ulimi kwa meno. Daktari akauliza nani kaniambia habari ya leza. Nikasema, wandugu zangu. Akacheka, akamwangalia mtoto mdomo na tochi, akaandika dawa ya maumivu ya maji, akanielekeza kwa daktari wa meno mmoja wa mjini anayemfahamu. Wakaongea kwa simu mbele yangu. Nilisikia anamwambia sehemu za kugusa na sehemu za kuacha.

Yule daktari wa meno alikuwa nayo. Alikuwa anaitumia kwa vidonda vya watu waliong'olewa meno ya mwisho. Ameitoa kabatini kwenye kimkoba cheusi, kidogo tu, kama mashine ya kunyolea ndevu. Nyekundu ni 660, akabonyeza ikawa 808, mwanga ukapotea, akasema bado unatoka ingawa huuoni, ndiyo maana miwani. Nilimwambia nina daktari Lubumbashi amenifundisha juli. Akaniangalia mara mbili.

Alianza mara ya kumi na mbili ya mionzi. Papa wa Ibanda, ni kama ulivyosema, shavu lilikuwa linawaka. Kijana wangu hahesabu, yeye anafumba macho na kukunja vidole vya miguu. Siku ya tatu akaacha kukunja. Saa 1 na nusu asubuhi tunapita kwa meno, halafu tunapanda gari kwenda mionzi. Gari mara mbili kwa siku, hilo ndilo linalonimaliza mfuko. Kitenge nimeuza pande nne kwa mama wa humu ndani ili kusogeza siku.

Ijumaa ilikuwa mara ya 22. Ana kidonda kimoja ndani ya mdomo wa chini, kama punje ya maharage, na koo linamuuma akimeza. Daktari amesema ngazi ya pili. Anakula viazi na maziwa, mayai, mtindi. Uzito 30 na 300. Sitasema ni leza, au ni maji ya chumvi, au ni dawa ninayompa nusu saa kabla ya sahani. Vyote vilianza pamoja, nani atavitenganisha? Mtoto wa mama aliyenionyesha video, yeye ni wa tumbo, mdomo haumhusu, lakini naye sasa anasukutua kila tukisukutua.

Jana ameniomba pilipili. Nimemkatalia. Lakini kwa mtu aliyekuwa anaficha mandazi chini ya mto, kuomba pilipili nimeipokea kama barua.


fundi_birere (Goma), Jumapili, saa 2 usiku

Mungu aendelee, mama. Na balbu?


mama_katindo (Goma), Jumapili, saa 2 na nusu usiku

Niliirudisha na dereva yule yule. Shemeji alinuna siku mbili, akasema nimemdharau dola zake 45. Nikamtumia maandishi yako, ile sehemu ya Mugunga. Hakujibu. Leo asubuhi amenitumia picha bila neno lolote: boksi la katoni, balbu imening'inizwa kwa waya, na chini yake vifaranga, nimehesabu thelathini na wawili.


fundi_birere (Goma), Jumapili, saa 2 na dakika 40

Mwambie aipandishe juu kidogo. Hapo alipoiweka watakimbilia kwenye kona.